Waliosoma Hawana Kesi

Mlionitukana wiki iliyopita, asanteni. Mhariri alinipa barua zenu kwenye bahasha moja nene, nikazisoma zote. Mmoja kaniita fisi. Mwingine kasema laiti angekuwa jirani yangu angenichoma moto mimi na makochi yangu. Sawa. Nyie angalau mmeandika. Wale mnaosoma kimya kimya kila wiki halafu mnafutia gazeti vioo vya madirisha, nawajua pia. Mimi ni mwenzenu.

Kwa aliyechelewa, mambo ni haya. Mimi ni fundi wa makochi katika karakana ya maseremala arobaini. Tuna grupu letu la simu. Miaka minne nimesoma kila neno la grupu hilo, na sijaandika hata nukta, tangu wiki yangu ya kwanza nilipotoa pole ya msiba chini ya tangazo la harusi ya binti wa Mwenyekiti. Walinicheka nusu mwaka.

Jumatatu ile mashine ya randa ya karakana ilipotea. Mwenyekiti akarusha kwenye grupu picha ya mpiga vanishi akielekea getini na gunia begani, chini yake akaandika: "Mwizi wetu huyo."

Mpiga vanishi ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Gunia lile lilikuwa na kichwa cha cherehani ya dada yake. Niliivunja mimi, na nilimbembeleza aipeleke kwa fundi kabla mke wangu hajajua. Akaniapia: siri yako, siri yangu.

Kijana akajibanza nyuma ya rundo la mbao, akaandika kwenye grupu: "Jamani mwenye mzigo aseme. Namwomba aseme." Hakunitaja. Nilisoma dakika ileile. Wakamkuta, wakampiga kwa vipande vya mbao za mninga mpaka akazimia. Jioni mashine ilionekana imefukiwa na maranda chini ya meza ya Mwenyekiti mwenyewe.

Mpaka hapo mnajua. Sasa nawapa nililolificha.

Wiki iliyopita nilisema sikuandika kwa kuogopa kuchekwa. Huo ulikuwa ukweli nusu. Asubuhi ileile, saa tatu, shemeji alikuwa ameifufua hadithi ya pole na harusi. Kairusha kwenye grupu mbele ya wageni ambao hawakuwa wakiijua, watu wakacheka upya kama imetokea jana. Kwa hiyo nilipoiona picha yake na gunia nikasema moyoni: acha naye aonje. Makofi mawili matatu, kisha nitaandika. Maneno nilikuwa nimeshayaandika, kidole kiko juu ya kitufe. Nasubiri apigwe kofi la tatu.

Hawakumpiga makofi.

Na lingine. Wakati wao wanapiga, gunia lilikuwa limeanguka karibu na bomba la maji. Nilitoka kwenye chumba changu cha kushonea makochi. Mngedhani nilikwenda kumwokoa. Niliokota gunia, nikarudi nalo ndani, nikalisukumia katikati ya masponji. Nilisikia mbao zikimtua mwilini huku nafunga mlango.

Haya. Kuleni hizo kwanza, ndipo tuendelee.

Alhamisi, saa nne asubuhi, shemeji alikuwa na siku ya tatu hospitali bila kufumbua macho. Mke wangu yuko naye. Polisi walikuwa wamemchukua Mwenyekiti na wengine wanne waliopiga. Sisi tuliobaki tulirudi kazini, kila mtu kainamia meza yake na adabu ambayo karakana ile haijapata kuiona.

Geti likapigwa teke.

Aliyeingia ni shemeji mkubwa, kaka yao. Anauza nyama. Ana mikono ya mtu aliyekata mifupa miaka ishirini, na siku zote ni mpole, mpole wa kukuudhi. Alikuwa amevaa aproni yake ya kazini. Mkono wa kushoto kashika simu ya mdogo wake, kioo kimepasuka. Mkono wa kulia kashika shoka lake la mifupa.

"Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo," alisema. "Mlango usifunguliwe."

Akaufunga yeye mwenyewe mbele ya mlinzi wa geti, akatia komeo.

Mtu mmoja karibu na msumeno akacheka kidogo, kicheko cha woga. Shemeji alimpiga ubapa wa shoka begani, akaanguka juu ya unga wa mbao. Hapo tukaelewa.

"Sina ugomvi na waliopiga," alisema. "Waliopiga wana kesi. Walioandika 'mmalizeni' nao wana kesi, polisi wamechukua majina. Lakini muuguzi mmoja kanionyesha kitu humu ndani ya simu. Mdogo wangu alituma ujumbe wa kuomba, na simu inaonyesha nani alisoma na saa ngapi. Watu saba wameusoma kabla hajakamatwa. Saba! Na hakuna aliyejibu hata 'pole'. Hao hawana kesi popote. Hao ni wangu."

Nikajiinamisha nyuma ya kochi langu.

Kisha akaniona.

"Shemeji!" Uso wake ukalainika. "Shemeji yangu, afadhali upo. Njoo hapa. Mimi simu yangu ni ya vitufe, haya madude siyajui. Wewe ni wa humu. Nisomee."

Naapa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilipewa orodha niisome mimi.

Nikaishika simu. Majina saba. Wanne walikuwa kwa polisi, maana walisoma na kupiga pia. Wa tano alikuwa mkereza, anayechonga miguu ya viti. Wa sita mpiga msasa, ambaye hakuja kazini tangu siku ile. Na juu kabisa, aliyesoma wa kwanza, dakika ileile, shemeji mdogo alikuwa amemhifadhi kwa jina la "Bubu".

Bubu ni mimi. Aliniita hivyo nyumbani kwa utani, tukiwa wawili tu. Namba yenyewe ni ya laini yangu ya zamani iliyokwisha kufa. Grupu tu ndilo bado linaishi juu yake. Pale karakana hakuna aliyewahi kuihifadhi. Utahifadhi vipi namba ya mtu asiyesema?

"Huyu wa juu nimempigia tangu asubuhi," shemeji alisema. "Hapatikani. Tutamfikia. Anza wa chini."

Nikasema: "Mkereza."

Neno lilitoka lenyewe. Nilikuwa na haraka ya kumpa mtu, mtu yeyote, asije akaniangalia mimi.

Mkereza alijaribu kukimbia. Shemeji akamrushia stuli miguuni, akamkamata kwa ukosi, akamburuta mpaka kwenye meza yenye jiriwa, kile chuma cha kubania mbao. Akamshika mkono, akaingiza kidole gumba katikati ya meno ya chuma.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, kaka. Nisamehe."

"Kidole hiki ndicho unachoandikia?"

"Kaka, mimi nilidhani mwingine ataandika!"

"Mwingine nani?"

Macho ya mkereza yalizunguka karakana nzima kumtafuta huyo mwingine. Yakapita juu yangu, yakaendelea.

"Shemeji," kaka mtu akaniambia, "zungusha."

"Mimi?"

"Mimi nimeshika mkono, siwezi kushika na mpini. Aliyelala kule ni shemeji yako, au si shemeji yako?"

Damu nzito kuliko maji, wanasema. Nilishika mpini wa jiriwa, nikazungusha.

Mara ya kwanza mkereza alivuta pumzi. Mara ya pili alipiga kelele. Mara ya tatu nilisikia mfupa, na sauti yake ni ndogo kuliko mnavyodhani. Mkereza alilegea magoti, akabaki akining'inia kwa kidole. Damu ilichuruzika mezani, ikanywewa na unga wa mbao.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipata nafuu. Nilijisemea: umebaki mmoja tu, na huyo mmoja hawamjui. Mkuki kwa nguruwe.

"Sasa huyu," shemeji akasema huku anajifuta jasho. "Bubu. Aliyesoma mwanzo kabisa. Wengine nawapa udhuru kidogo, walisoma watu wameshaanza kukimbia. Huyu alisoma mapema. Alikuwa na dakika kumi na moja nzima. Nimezihesabu. Katika dakika kumi na moja mimi nachuna mbuzi." Akawageukia mafundi. "Bubu ni nani?"

Mafundi wakatazama shoka.

"Nauliza kwa heshima. Bubu ni nani?"

Watu wakaangaliana. Hawakuwa wakijua, na safari hii kutojua kwao kulikuwa kwa kweli. Shemeji akainua shoka, akalishusha juu ya kochi nililolimaliza juzi. Mbao za mgongo zilikatika kwa pigo moja, sponji ikaruka.

"Kama hamjui, nitachukua kidole kwa kila aliyemo humu, nikianzia mlangoni. Mmojawapo atakuwa yeye. Hesabu itatoka tu."

Mafundi wakaanza kupiga kelele, wengine wanalia waziwazi. Mzee wa kuchonga milango akapiga magoti. Kila mtu akamwambia mwenzake: "Sema basi kama ni wewe!"

Ndipo nikafanya jambo ambalo likinijia usiku hunikalisha kitandani. Nilinyoosha kidole.

"Mlinzi," nilisema.

Mlinzi wa geti ana miezi mitano tu pale. Hana ndugu humu, hana kundi la marafiki. Anaingia, anakaa kwenye kiti chake, anatoka. Mtu wa "ndiyo" na "hapana".

"Humu mtu asiyesema ni mmoja tu," niliendelea, na sauti yangu ilikuwa tulivu kama ya shahidi aliyeapishwa. "Muda wote yuko na simu pale getini. Shemeji mdogo alimpita pale na gunia. Bubu ni nani tena?"

Mnaona lilivyokaa vizuri? Hata mimi nilikaribia kuamini. Na mafundi nao, kwa furaha ya kuokoa vidole vyao, wakaitikia: "Ndiyo! Ni yeye! Haongeagi na mtu huyo!" Watatu wakamkamata wenyewe, wakamleta wakimsukuma. Mmoja alimpiga ngumi ya mdomo bila kuombwa na mtu. Jumatatu ilikuwa imerudi pale pale mbele yangu, tofauti ni kwamba safari hii picha niliirusha mimi.

Mlinzi hakupigana. Alitema damu, akaniangalia. Mimi tu.

"Si mimi," alisema.

"Kila mtu si yeye," shemeji alijibu, akamchomoa mkereza, akaingiza kidole cha mlinzi kwenye jiriwa ileile iliyolowa. "Kwa nini hukujibu?"

"Sina grupu, mkubwa. Hawajawahi kuniingiza."

"Muongo!" akapiga kelele fundi mmoja. Wengine wakamuunga mkono.

Alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua. Nimesoma grupu lile miaka minne. Kila anayeingia namwona, kila anayetoka namwona. Mlinzi hakuwahi kuwamo.

"Zungusha, shemeji."

Nikashika mpini. Nikazungusha nusu. Ukucha wa mlinzi ukageuka mweupe, kisha mweusi, kisha ukapasuka. Alifumba macho, hakupiga kelele, alitoa mlio tu puani kama mtoto mwenye homa.

"Tena."

Mkono ukagoma.

Sitaki mnisifu. Si wema ulionishika. Nilikuwa nikimwangalia yule mtu usoni na nikaona jinsi shemeji mdogo alivyokuwa akiangalia simu yake nyuma ya rundo la mbao, akisubiri jina moja litokee. Nilijichukia.

"Shemeji, zungusha!"

Nilitaka kusema. Ulimi ukawa gogo. Miaka minne ya kunyamaza si mchezo. Nikaachia mpini, nikatoa simu yangu mfukoni, nikafungua grupu.

Yale maneno yalikuwa bado yapo pale chini, kama nilivyoyaacha Jumatatu. Sikuyafuta. Nikabonyeza.

Simu thelathini na zaidi zikalia pamoja mle ndani. Na ile yenye kioo kilichopasuka ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni.

Shemeji akaitoa, akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa shida, neno baada ya neno:

"Mzigo ni wangu. Msimpige. Ni cherehani."

Kwanza alifurahi. Mniamini, alifurahi kweli! "Bubu kaandika! Shemeji, kaandika, yumo humu humu!" Akageuka huku na huku na shoka lake kama mtu aliyeona panya. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono wangu, kwenye simu. Yakabaki hapo.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe, mume wa dada yangu?"

"Ndiyo, shemeji."

"Cherehani ya dada?"

"Niliivunja. Nilimwomba asimwambie."

"Hata walipokuwa wanampiga hakusema?"

"Hakusema."

Nilidhani shoka litashuka kichwani. Halikushuka. Alilegeza jiriwa taratibu, akautoa mkono wa mlinzi, akampa kitambaa. Akapangusa yale meno ya chuma kwa pindo la aproni, pande zote mbili, kama afanyavyo na ubao wake wa nyama kabla ya mteja mwingine.

"Njoo, shemeji," alisema kwa upole.

Nikaenda. Niliweka kidole mwenyewe. Alizungusha bila haraka, na katika kila mzunguko aliniuliza swali.

"Dakika kumi na moja ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya harusi na msiba, na kofi la tatu nililokuwa nikilisubiri. Maumivu yalinipanda mpaka bega, meno yakagongana, nikajikojolea mbele ya watu niliofanya nao kazi miaka minne. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo mdogo wangu alikutania," alisema, "ukamtoza hivyo."

"Ndiyo."

Akashika mpini kwa mikono miwili. Mfupa ukaanza kulia.

Hapo simu yake ndogo ya vitufe ikaita. Aliipokea kwa mkono mmoja, mwingine haukuuacha mpini. Nilisikia sauti ya mke wangu. Sikuyasikia maneno, niliisikia sauti tu, ikipanda na kukatika.

"Saa ngapi?" shemeji aliuliza.

Akasikiliza.

"Alisema chochote?"

Akasikiliza tena, muda mrefu. "Nyamaza, dada. Nyamaza, nakuja. Niko na mumeo hapa."

Akairudisha simu mfukoni. Akaanza kuzungusha mpini upande wa pili. Kulegeza. Damu ilirudi kidoleni kwa kishindo, nikalia kwa sauti, nikasema: "Asante, shemeji, asante."

"Toa kidole," alisema.

"Asante, shemeji."

"Usinishukuru. Kidole kilikuwa cha mgonjwa. Hatuna mgonjwa tena."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, nilikaa chini palepale kwenye mkojo wangu. Nilisema "Hapana" mara nyingi, sijui ngapi. Nilikuwa nimempenda yule kijana. Andikeni hilo pia kwenye barua zenu na mlicheke.

Shemeji alinikamata kwa nywele, akanilaza kichwa juu ya meza, shavu kwenye ubao, na nikahisi ubaridi wa shoka likipimwa nyuma ya shingo. Mara moja, kwa kugusa tu. Wauza nyama hupima kabla ya kukata.

"Mafundi," aliita. Sauti yake ilikuwa imepasuka, alikuwa analia. "Mimi si mnyama. Mdogo wangu aliomba mtu mmoja tu aseme. Na huyu nampa kilekile. Mwenye neno la kumtetea aseme sasa. Mmoja tu akisema, nitasikiliza."

Niliwatazama kwa jicho moja, maana lingine lilikuwa limebanwa na ubao. Mzee wa milango aliangalia chini. Mkereza alikuwa anabembeleza mkono wake. Wengine walikuwa na simu mkononi, wakisoma ujumbe wangu tena na tena kana kwamba ungebadilika. Watu thelathini na zaidi, na nilimjua kila mmoja, na nilijua kila mmoja anawaza nini: mwingine atasema.

Shoka liliinuka. Nilisikia aproni yake ikinyooka.

"Mimi nina neno," alisema mlinzi.